Fundi mabango wa Kariakoo aliyezipatia rangi za herufi zangu

Kama unataka bango na unajali rangi itoke vile unavyoitaka, nenda kwa fundi huyu. Yupo Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi, kwenye kibaraza chenye turubai la bluu. Hana jina la biashara. Ulizia fundi mabango mzee, wauza vitambaa watakuonyesha.

Kazi niliyompa si ya kawaida, kwa hiyo nieleze kidogo. Nina sinesthesia. Nikiona herufi, hata iliyoandikwa kwa wino mweusi, inakuwa na rangi yake: A nyekundu, M zambarau, K kijani, S njano, O nyeupe. Sikuzichagua na hazibadiliki. Si ugonjwa, na si jambo la jana: daktari mmoja, Georg Sachs, alieleza rangi za herufi zake mwenyewe mwaka 1812. Mume wangu kila mara huniuliza jina lake lina rangi gani, nikaona bora nichorewe kibao cha herufi za Kiswahili aone kwa macho yake.

Awali nilipeleka kazi kwenye duka moja la kuchapa kwa mashine. Kwenye kompyuta rangi zilikaribia sana. Zilipotoka, kijani kimefifia na zambarau imegeuka kahawia. Kioo kinatoa mwanga na wino hautoi, kwa hiyo zipo rangi za kioo ambazo wino hauzifikii, hilo naelewa. Kilichoniudhi ni kuambiwa, "Dada, si zambarau tu hii?"

Fundi yeye aliniambia, "Mwalimu, kaa hapa, tutafute." Akamimina rangi za mafuta kwenye vifuniko vya makopo, akaanza na M. Nyekundu na bluu, tone la nyeusi, akapaka mstari kwenye kipande cha plaiwudi. Nikasema imezidi giza. Akaongeza nyeupe kwa ncha ya kijiti. Imepauka. Akarudisha nyekundu kidogo sana, akapaka tena, akatoka na kile kipande hadi barabarani ili tukione juani. "Hapo hapo fundi, usiguse tena." Akaandika M kwa penseli pembeni ya mstari, akakihifadhi. Alifanya hivyo kwa kila herufi, bila kuguna.

O ilitusumbua. Watafiti wameona kuwa kwa watu wengi wenye hali hii A huwa nyekundu na O nyeupe au nyeusi, na yangu ni nyeupe kabisa, haionekani kwenye kibao cheupe. Yeye ndiye aliyependekeza kibao chote kipakwe kijivu chepesi. Uamuzi mzuri mno, maana hata S ikatulia.

Aliniuliza swali zuri pia: neno zima je? Kwangu, kama kwa wengi wenye hali hii, neno hufuata herufi yake ya kwanza. Sasa fikiria Kiswahili chetu: kitabu ni kijani, vikiwa vingi ni vitabu, V, bluu iliyokolea. Mtoto zambarau, watoto rangi ya chungwa. Wingi unanibadilishia rangi ya sentensi nzima, na sijawahi kuchoka kuutazama.

Baadaye nikampa kibao cha pili, cha herufi za Kiarabu nilizosoma chuoni Tanga. Alif ni nyekundu kama A, na be ina rangi ya B ingawa hazifanani hata kidogo, zimefuata sauti. Wau imefuata umbo, ina rangi ya tarakimu 9. Ain haina ndugu, ina kijivu chake cha risasi. Yupo Mmarekani aliyeandikwa na watafiti mwaka 2006: rangi zake zilitokana na herufi za sumaku, zile za kubandika kwenye friji, alizochezea utotoni, na alipojifunza herufi za Kirusi, rangi zilezile zikahamia huko. Uchunguzi wa 2015 uliohusisha watu 6,588 wenye hali hii ulikuta kwa asilimia 6 hivi rangi zinalingana na seti ya sumaku za Fisher-Price, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto, iliyoanza kutengenezwa 1971. Kwetu hapakuwa na sumaku wala friji. Zangu sijui zimetoka wapi.

Siku ya kibao cha pili fundi alikuwa amechanganya zambarau kadhaa, akazipanga. "Haya Mwalimu, M ni ipi?" Nikaonyesha. Akatoa kile kipande cha zamani, akaviweka pamoja: ileile. Watafiti hupima hivyohivyo, wanakuuliza tena baada ya muda mrefu bila kukutaarifu, wanalinganisha majibu. Yeye jaribio hilo alilibuni mwenyewe, na nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kasoro zipo. Alhamisi yake ni Jumanne ya wiki inayofuata. Alama ya ritifaa ya NG' ameichora ndogo mno, ukisimama mbali unasoma NG tu. Anadai kianzio cha nusu bei, na kibao unakichukua bado kinanuka tina. Kianike nje kwanza. Nililipa shilingi 60,000 kwa futi nne kwa mbili, plaiwudi yake, naona ni halali kabisa kwa saa alizokaa na mimi.

Nenda asubuhi hajazidiwa na kazi za maduka, na usikubali rangi yoyote ukiwa kibarazani. Lile turubai linatia ubluu kila kitu. Mwambie atoke nayo nje, hatakataa.