Themostati ya IST na Vitz: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiwasha Toyota IST asubuhi, taa ya bluu huwaka kwenye dashibodi, kisha huzimika injini ikishapata joto. Yangu, niliyonunua kwa mtu, ilikuwa haizimiki. Natoka Mbezi, nafika Ubungo, bluu ipo tu. Nikadhani sensa imekufa. Siku nilipofungua mahali inapokaa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, nikakuta patupu: fundi wa zamani aliing'oa akarudishia mfuniko kama vile hakuna kilichotoka. Mfukoni ndiko nilikokuwa naumia, kwa sababu kompyuta ya gari ikiona injini bado baridi huendelea kuipa petroli ya ziada.

Kwa hiyo nimezipanga njia tano za kushughulikia themostati, kutoka bora hadi mbovu, na naanzia mkiani.

Nafasi ya mwisho kabisa ni kutofunga themostati. Utaambiwa nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Si kweli. Ndani ya themostati kuna kikopo chenye nta. Nta ikipata joto inatanuka, inasukuma pini, na mlango unafunguka maji yapite kwenye rejeta. Jua la Dar la nyuzi 32 ni baridi tu mbele ya nyuzi 80 na kitu ambazo injini inazitaka. Injini isiyopata joto lake inakula mafuta, na oili inashika unyevu hadi inakuwa kama tope. Halafu kuna injini ambazo themostati yake ikifunguka huziba pia njia ya pembeni, ile inayorudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, sehemu ya maji inakatiza huko bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi kuliko mwanzo.

Ya nne: ya mtumba. Taa, milango, hata giaboksi ya mtumba nanunua bila wasiwasi. Themostati hapana. Nta iliyochoka haionekani kwa macho, na kazi ya kufunga ni ileile.

Ya tatu: mpya za bei poa zisizo na jina. Nyingine ni nzima, nyingine mlango unafunguka nusu. Ukilazimika kununua, ipime kwanza kwenye sufuria kama nitakavyoeleza.

Ya pili: orijino ya boksi la Toyota, kwa wakala rasmi. Ubora wake sina neno nao. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bei, na kwa sababu boksi linaigizwa. Ukilikuta boksi hilo kwenye duka usilolijua, kwa bei ya kutupa, liache.

Ya kwanza: zinazouzwa kwa jina la watengenezaji wa Kijapani wenyewe, kama TAMA au Nippon Thermostat. Hawa themostati ndiyo kazi yao, na kwa kawaida unalipa chini ya bei ya wakala. Mimi nilifunga TAMA, niliyoipata Kariakoo baada ya kuzunguka maduka matatu.

Nenda dukani na namba ya chesesi, au uichukue ya zamani mkononi ulinganishe. Tazama namba iliyogongwa kwenye bati: kwa Toyota nyingi ndogo ni 82, yaani nyuzi ambazo mlango huanza kufunguka. Zipo za 76 na za 88 pia. Usichukue ya 76 ukidhani itatibu gari linalochemsha. Kama rejeta imeziba au feni haizunguki, mlango ukiwahi kufunguka haitasaidia kitu.

Sasa sufuria. Ifunge themostati kwa uzi, itumbukize kwenye maji ya baridi isiguse chini, weka jikoni pamoja na kipimajoto. Kama ni ya 82, kwenye nyuzi 80 hadi 84 utaona ukingo wa mlango unaachia taratibu, na yakikaribia kuchemka uwe umefunguka karibu sentimita moja. Mbeya au Nairobi maji huchemka mapema, karibu nyuzi 94, lakini hata huko utaona inavyofanya. Itoe, ipoe: lazima ijifunge yenyewe. Inayobaki na mwanya, irudishe dukani siku hiyohiyo.

Wakati wa kufunga, injini iwe imepoa kabisa. Usimruhusu mtu kufungua mfuniko wa rejeta wa moto, maji yale yanababua uso. Nunua na mpira mpya wa kuzungushia themostati, na fundi asipake gundi ya silikoni juu yake. Kile kipini kidogo kinachochezacheza kwenye ukingo wa themostati kikae upande wa juu, ndiko hewa inakotokea. Kisha jaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, weka hita ya ndani ya gari kwenye joto la juu, acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yaishe na feni iwake.

Kinachoua themostati mapema ni maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi hiyo inaganda kwenye mlango na kuula. Tumia kulanti. Ile ya pinki ya Toyota, ikishabadilishwa mara ya kwanza, hudumu kilomita 80,000 au miaka 5. Siku mbili baada ya kufunga, asubuhi kabla ya kuwasha, angalia chupa ya akiba ya kulanti. Kiwango kikiwa kimeshuka kidogo, ni hewa iliyobaki imetoka, ongeza. Kikishuka tena wiki inayofuata, tafuta panapovuja.