TAHADHARI: Askari wetu wanauziwa shahada za mtandaoni za vyuo hewa

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Kuna watu wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya askari wa vikosi vya SMZ, na sasa wamewafikia mpaka vijana wa JWTZ. Wanatangaza shahada ya chuo cha nje kwa miezi minne, kwa "punguzo maalumu la walinzi wa taifa". Shemeji yangu, askari hapa Pemba, ameshaliwa shilingi 830,000. Naandika kwa ridhaa yake, kwa sababu wenzake kambini nao wanatafuta pesa za kulipa.

Anayejiita afisa udahili anakuja kwa upole, anakuita afande, anakuuliza zamu yako inamalizika saa ngapi ili asikusumbue. Hoja yake kubwa ni kuwa miaka yako ya utumishi inahesabika kama masomo, kwa hiyo huna haja ya kusoma wala kufanya mtihani. Hapo ndipo watu wanaponasa, maana ndani yake mna chembe ya ukweli. Marekani mwanajeshi ana hati inayoonyesha kozi zake za kijeshi, na chuo kinaweza kumhesabia baadhi ya krediti, yaani vipimo vya kiasi cha masomo. Zilizobaki anazisoma kama wengine, na jeshi lao halimlipii ada kwenye chuo kisicho na ithibati. Shahada nzima kwa sababu ya gwanda haipo, huko wala huku.

Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za masomo. Hizo ni saa 3,600. Zigawe kwa miezi minne uone: saa 30 kila siku. Hata asiyelala hazipati.

Shemeji alitoa kwanza 350,000 za usajili, kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Baadaye akadaiwa 480,000 za "uhakiki wa TCU". Ndugu zangu, cheti cha nje unakipeleka TCU mwenyewe, hulipi kupitia kwa aliyekuuzia. Alipolipa, akatumiwa cheti kwenye simu. Nimekikuza nikakitazama vizuri: sahihi ya msajili na ya makamu mkuu wa chuo ni za mkono mmoja, mkia ule ule, na tarehe ya kuhitimu imetangulia siku aliyojisajili.

Kinachonitia hofu zaidi ya pesa ni kwamba walimtaka picha ya kitambulisho cha kikosi, namba ya utumishi, ZanID na picha akiwa na sare, eti kuthibitisha punguzo. Usimpe mtu usiyemjua vitu hivi hata akikupa masomo bure.

Biashara hii ina mizizi mirefu. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo vilivyokuwepo kwenye tovuti tu. Na hapa kwetu, Aprili 2017 Rais Magufuli aliagiza watumishi wa umma 9,932 waondolewe kazini kwa vyeti vya kughushi. Askari anayepeleka karatasi kama ile akitaka kupandishwa cheo anajiweka kwenye orodha ya namna hiyo.

Anayetaka kusoma kweli, aanze kwa mkuu wake na apate ruhusa ya maandishi, maana uhamisho na operesheni havingoji mitihani. Kisha aangalie jina la chuo kwenye orodha ya TCU kabla ya kutoa hata shilingi. Chuo Kikuu Huria kinasomesha kwa masafa na kina vituo Unguja na Pemba. Mitihani unaifanya kwa kukaa kwenye chumba cha mtihani na kusimamiwa. Mwenye stashahada aihakikishe kwanza kuwa inatambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi.

Uliyekwishalipa, usiongeze tena, hata wakikwambia ni malipo ya mwisho ya kurudishiwa pesa zako. Usifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala. Vipeleke polisi, mjulishe mkuu wako kama ulituma kitambulisho, na namba ya tapeli iripoti TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.