Themosi ya chakula cha mtoto kwenye ndege: kagua kifuniko kwanza

Mwezi wa nane nilisafiri na mwanangu wa miezi kumi, kutoka Dar kwenda Muscat kwa dada yangu. Nilimpikia uji wa lishe, nikautia kwenye themosi ya mtoto yenye mrija niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 45,000. Ndege ilipotulia angani mtoto akaanza kulilia chakula, nami nikabonyeza kitufe cha kifuniko. Uji uliruka kama bomba limepasuka. Ulimpata mtoto usoni, ukapiga kiti cha mbele, ukaishia kwenye kanzu nyeupe ya mzee aliyekaa pembeni yangu. Mzee wa watu alisema tu, "Usijali mwanangu, huyu ni mtoto." Safari iliyobaki nilikaa na aibu, na mtoto akakaa na njaa.

Tangu hapo nimenunua na kuazima vyombo vya kila aina. Rangi, uzito, picha za katuni, hayo muuzaji atakueleza mwenyewe. Mimi nakuomba mama mwenzangu utazame kifuniko.

Ndege inapokuwa juu, msukumo wa hewa ndani yake hushuka, ukawa kama wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Ni kama umetolewa Dar ukapandishwa Njombe kwa nusu saa. Lakini hewa uliyoifungia kwenye themosi ukiwa nyumbani bado ina nguvu yake ya pwani, na inatafuta pa kutokea. Ikikuta mrija uliozama kwenye uji, inausukuma uji upande juu, na ukifungua tu unaruka. Kifuniko cha kuzungusha hakina shida hiyo, maana ukikilegeza kidogo hewa inapumua pembeni, chakula kikabaki chini. Wakati wa kutua mambo hugeuka. Themosi uliyoifunga angani inavutwa kwa ndani, na chakula kikipoa ndiyo inazidi, mpaka kifuniko kinagoma kufunguka huku mtoto analia.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Zojirushi, themosi ya chakula yenye mdomo mpana, ile ndogo ya mililita 350. Ni ya Kijapani, yenye nembo ya tembo, na kampuni yake ilianza Osaka mwaka 1918. Naipendelea na sifichi. Kifuniko ni cha kuzungusha, kinaachana vipande, na ule mpira wake wa kuzuia kuvuja unatoka ukauosha. Huo mpira usiudharau. Usiotoka hubaki na maziwa chini yake, na baada ya wiki mbili themosi nzima inanuka uchachu hata uioshe kwa ndimu. Mdomo wake mpana unaingiza kijiko mpaka chini. Kabla ya kutia chakula, jaza maji yanayochemka, funga dakika kumi, mwaga, ndipo utie uji ukiwa wa moto kabisa. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kibaki juu ya nyuzi joto 60. Kikishakuwa vuguvugu vijidudu vinazaliana, kwa hiyo kisikae zaidi ya saa mbili.

Namba mbili ni kikopo cha unga wa maziwa cha Philips Avent chenye vyumba vitatu. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo, hiki ndicho ningekitanguliza. Unapima unga nyumbani, kila chumba mlo mmoja, kisha unachanganya mtoto anapohitaji. Unga hauruki wala hauchachi. Unabeba na themosi ya maji ya moto, kwa sababu maziwa ya unga yanatakiwa yakorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, kisha yapozwe kabla mtoto hajanywa. Maji vuguvugu ya kwenye kikombe cha chai hayatoshi.

Namba tatu ni pakiti za matunda yaliyosagwa, zile za kufyonza, kama za Ella's Kitchen ambazo wanaotoka Uingereza hutuletea. Angani zinavimba, kwa hiyo ishike wima na usiibane unapofungua. Ni nzuri wakati wa kupaa na kutua, maana mtoto akimeza masikio yanazibuka. Ila pakiti moja inakwisha kwa mafunda manne, na bei yake ingenunua chane ya ndizi.

Vikopo vya plastiki vya bei rahisi vinafaa kwa ndizi au vipande laini vya kiazi kitamu. Uji usitie. Karanga ziache nyumbani, zinapalia watoto.

Kwenye ukaguzi, ule ukomo wa mililita 100 kwa vimiminika vya mkononi ulioanza mwaka 2006 haukihusu chakula cha mtoto kinachotosha safari. Kitoe kwenye mkoba ukioneshe, na uwe tayari kukifungua. Anayetokea Uingereza ajue kwamba maziwa ya mama yaliyogandishwa hayaruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi.

Sasa wauzaji. Nimezunguka maduka manne nikiomba kufungua kifuniko nione mpira, na mawili yaliniambia, "Dada, ukifungua umenunua." Nitanunuaje chombo cha mwanangu bila kukiona ndani? Boksi limeandikwa saa 12 za joto. Nilipofika nyumbani nikajaza maji ya moto alfajiri, na kabla ya adhuhuri yalikuwa ya kuoga. Ile ya mrija niliirudisha nikaeleza kila kitu, na muuzaji akanijibu kuwa themosi ni nzima, tatizo ni ndege. Hela yangu hakurudisha.

Kinachoniuma zaidi ni mpira wa akiba. Ukikatika, hakuna anayeuuza peke yake, unaambiwa uchukue themosi nyingine. Mpira wa Zojirushi yangu ulipochanika nilimwagiza dada Muscat, akaupata kwenye duka la Ruwi, ukaja ndani ya bahasha. Hapa kwetu kuna maduka yenye themosi mpaka kwenye dari, na kila nilipouliza mpira nilitazamwa kama nimeuliza kitu cha ajabu.