Onyo la uongo angani: kutii kwanza au kuhakikisha kwanza?

Machi 1, 2025, marubani kadhaa waliokuwa wakijiandaa kutua uwanja wa Reagan, Washington, walionywa na TCAS, mfumo wa kuzuia ndege kugongana, kwamba kuna ndege jirani. Haikuwepo. Baadhi walighairi kutua wakapaa tena, wengine waliendelea.

Kuhakikisha kwanza kuna mantiki yake. Kupaa upya hula mafuta na huongeza ndege kwenye anga lenye msongamano. Lakini muda uko wapi? Amri ya kupanda au kushuka hutoka zikiwa zimebaki sekunde 25 hivi kabla ya kugongana, na rubani anatakiwa aitikie ndani ya sekunde 5. Tena ndege anayoiona dirishani huenda siyo ile iliyonaswa na mfumo.

Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, TCAS iliiamuru ndege ya Tupolev ya Urusi ipande; mwongozaji wa ndege aliye ardhini akaiambia ishuke. Ikashuka. Boeing ya DHL ilitii mfumo wake, nayo ikashuka, zikagongana. Walikufa watu 71, wengi wao watoto.

Kwangu mimi, amri hutiiwa kwanza, maswali baadaye. Ila chini ya futi 1,000 hivi mfumo hutoa tahadhari tu, bila amri. Hapo kuangalia nje na kumuuliza mwongozaji ni sawa kabisa.

Kuhusu Washington, Seneta Ted Cruz wa Marekani alitaja majaribio ya serikali ya kuzuia droni, yaliyotumia masafa yaleyale ya TCAS. Hilo halivumiliki, maana rubani aliyedanganywa mara tatu atasita mara ya nne.