Tathmini: hazina ya nyaraka ya Ofisi ya Mwanahistoria, Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani

Anayetaka kufahamu jinsi Marekani na Uingereza, zilizopigana vita bega kwa bega, zilivyovutana baadaye kuhusu Wayahudi waliotaka kuingia Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, atashibishwa na tovuti hii, inayotoa bila malipo nyaraka za kidiplomasia katika mfululizo ulioanza kuchapishwa mwaka 1861.

Uzuri wake umo katika juzuu ya 8 ya mwaka 1945. Hapo ipo barua ya Rais Truman wa Marekani ya tarehe 31 Agosti, akimtaka Attlee, waziri mkuu wa Uingereza, atoe vyeti 100,000 vya kuingia Palestina kutokana na ripoti ya mjumbe wake, Earl Harrison, kuhusu hali ya Wayahudi waliobaki katika makambi ya wakimbizi ya Ulaya. Kisha lipo jibu la Attlee, lenye adabu zote za kiofisi, likionya kwamba hatua kama hiyo itaudhuru vibaya uhusiano wa nchi hizo mbili. Kusoma hati hizo kwa kufuatana kunaonyesha ugomvi ukikua chini ya heshima, jambo ambalo muhtasari wa vitabu vya shule huliua kabisa. Juzuu ya 7 ya mwaka 1946 inaendelea na Kamati ya Uchunguzi ya wajumbe 12, sita kutoka kila upande, ambayo ilikubali idadi ileile ya 100,000, lakini Attlee akataka kwanza majeshi haramu ya Palestina yanyang'anywe silaha.

Kasoro zipo. Hili ni kabati la nyumba moja tu: mijadala ya baraza la mawaziri la Uingereza hutafutwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo huko Kew, London. Tanbihi nyingi husema hati fulani haikuchapishwa, na msomaji hubaki mlangoni. Sauti za waliokuwa makambini hazisikiki kabisa, kwani wanaozungumza ni mabalozi na mawaziri. Kadhalika, lugha ni Kiingereza kitupu, hivyo utafutaji hufanikiwa zaidi kwa anayejua majina ya maofisa, kama Loy Henderson, aliyesimamia masuala ya Mashariki ya Karibu katika Idara hiyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Mgeni asianzie kwa Truman; aanzie mazungumzo ya mtangulizi wake, Rais Roosevelt, na Mfalme Ibn Saud wa Saudi Arabia melini mnamo Februari 1945, kisha asome barua ya tarehe 5 Aprili iliyomwahidi mfalme huyo mashauriano kamili kuhusu Palestina, ambayo Roosevelt aliiandika siku saba kabla ya kufariki na kumwachia mrithi wake deni hilo.