Letterman saa tisa usiku, Mwaloni Kirumba

Juzi tena boti ya kutoka kisiwa cha Goziba, Ziwa Victoria, ilichelewa. Ziwa lilichafuka, nahodha akapiga simu saa saba usiku kwamba amejibanza kisiwani mpaka upepo utulie, nasi tuliokuja kupokea dagaa tukabaki Mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, tumekalia magunia matupu. Kijana mmoja wa kupakua mizigo akanisogelea, akaniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu, leo hatumwoni yule mzee wa maji?"

Mzee wa maji ni David Letterman, mtangazaji wa Marekani aliyestaafu mwaka 2015. Vijana wamempachika jina hilo kwa sababu ya kipande kimoja cha kipindi chake. Linawekwa tangi la maji jukwaani, kinaletwa kitu chochote cha nyumbani, halafu Dave na kiongozi wa bendi yake, Paul Shaffer, wanabishana: kitaelea au kitazama? Kisha kinatumbukizwa. Mchezo wote ni huo. Nami huwaonyesha kwenye simu yangu, na huisimamisha video kabla kitu hakijaachiwa, na hapo Mwaloni panachemka, maana hawa ni watu waliozaliwa majini na kila mmoja ana hoja yake. Juzi ubishi ulihama kwenye simu ukaingia kwenye maisha yetu: dumu la mafuta ya kula la lita 20, limejaa pomoni, litaelea? Mmoja alilichukua la mama ntilie, akalifunga kamba, akaliteremsha pembeni ya gati. Likazama hadi mabegani, likapanda tena, likatulia limetoa shingo tu, linacheza na mawimbi. Waliosema litazama walinyamaza. Mama ntilie alidai dumu lake.

Kwa hiyo nimeona niandike juu ya huduma hii, kwa sababu ninaitumia karibu kila usiku wa giza na sijaona mtu wa kwetu akiieleza. Ninazungumzia YouTube: chaneli rasmi ya Letterman iliyofunguliwa mwaka 2022, pamoja na hazina ya mtazamaji mmoja wa New York ambaye kwa miaka mingi alirekodi kipindi kile nyumbani kwake kwenye kanda za VHS, kisha akaanza kuzipandisha mtandaoni. Zote ni bure, ukiondoa bando.

Kwanza niseme nilivyomfahamu. Mwaka 1998 nilikwenda Indianapolis, nikafanya kazi miaka kumi na moja katika nyumba ya kulelea wazee, nyingi ya miaka hiyo zamu ya usiku. Unageuza wagonjwa, unabadilisha mashuka, unamshika mkono anayeogopa giza, na kulipopambazuka unapanda basi huku wenzako wanakwenda kazini. Upweke wa zamu ya usiku ugenini hauelezeki kwa aliyelala. Saa tano na dakika thelathini na tano usiku, kwa saa za New York, ndipo Letterman alipokuwa anaanza. Televisheni ilikuwa ukumbini, sauti tumeipunguza sana, na mimi nilijifunza Kiingereza cha kweli pale, si kile cha darasani.

Mji ule ulimwona kama mtoto wake. Amezaliwa hapo mwaka 1947, akasoma chuo kikuu cha Ball State kule Muncie, na kabla ya umaarufu alikuwa anasoma habari za hali ya hewa kwenye televisheni ya Indianapolis. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alimkumbuka tangu enzi hizo. Alinisimulia mara nyingi jinsi Dave alivyotangaza mvua ya mawe yenye ukubwa wa makopo ya nyama, na kila akifika kwenye "makopo ya nyama" anacheka mpaka namwinua mgongo asipaliwe. Yeye hakuwa na tatizo la usingizi. Alikuwa anajizuia kulala ili amwone.

Usiku ambao umenifunga na Dave ni wa Februari 21, 2000. Mwezi mmoja kabla yake, Januari 14, alipasuliwa moyo, mishipa mitano ikatengenezewa njia mpya. Watu walidhani pengine harudi. Akarudi. Na badala ya kuanza na nyota wa sinema, aliwaita jukwaani madaktari na wauguzi waliomtibu, mmoja baada ya mwingine, akawashukuru mbele ya taifa zima, sauti ikamkatika. Mtu ambaye hakuwahi kuonyesha machozi! Sisi ukumbini tulikuwa wanne: mimi, dada wa Ghana, kaka wa Haiti na msimamizi wetu. Kengele ya chumba namba 12 ililia na kwa mara ya kwanza katika zamu zetu tulitazamana kabla ya mtu kunyanyuka. Tulikuwa hatujawahi kuona kazi ya kumgeuza mgonjwa kitandani ikipigiwa makofi kwenye televisheni. Niliposimama kwenda kule chumbani, nilitembea tofauti. Usiku uleule bendi ya Foo Fighters ilimpigia wimbo aliokuwa anaupenda sana, na wimbo huo utarudi baadaye katika habari hii.

Sasa tuje kwenye huduma yenyewe.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba inakurudisha mbali kuliko ulikoanzia. Mimi nilimkuta akiwa kituo cha televisheni cha CBS, kwenye ukumbi wa Ed Sullivan pale Broadway, New York, alikohamia mwaka 1993. Sikujua kijana aliyeanza kituo cha NBC Februari 1, 1982, mgeni wake wa kwanza akiwa mchekeshaji Bill Murray. Kwenye chaneli nimemwona amevaa suti inayonata, anaruka na kujibandika ukutani kama mjusi. Nimeona zile orodha zake za mambo kumi alizoanza mwaka 1985. Nimeona anavyorusha kadi nyuma yake kuelekea dirisha la bandia na sauti ya kioo kuvunjika inasikika, ingawa hakuna kioo. Binti wa mdogo wangu, aliye chuoni hapa Mwanza, aliniuliza, "Mama mkubwa, hiki kinachekesha nini?" Nikamwambia atazame tano mfululizo kisha aniulize tena. Hakuuliza.

Nimewaona pia Mujibur na Sirajul, wanaume wawili kutoka Bangladesh waliouza zawadi kwenye duka jirani na ukumbi, naye akawafanya watu mashuhuri. Hapa nasema wazi: kuna mahali nilinuna. Kicheko cha ukumbini wakati mwingine kilikuwa kwa lafudhi yao, na mimi nimeishi na lafudhi yangu katika nchi ile, najua kicheko hicho kinavyochoma. Lakini pia najua hakuna kipindi kingine cha saa ile kilichowapa wauza duka kipaza sauti mwaka baada ya mwaka. Yote mawili ni kweli na sitaki moja lifute lingine.

Kasoro ya chaneli ni kukatakata. Vipande vingi ni vya dakika chache, vimechongwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Letterman hakuwa mtu wa haraka. Utamu wake ulikuwa ule ukimya baada ya utani kushindikana, pale anapotazama kamera bila kusema kitu na wewe nyumbani unaanza kucheka peke yako. Ukikata hapo umebakiza mifupa. Kwa hili zile kanda za VHS za yule mtazamaji ni bora kuliko chaneli rasmi: picha imefifia, pembeni ina michirizi, lakini unapata usiku kama ulivyokuwa. Matangazo ya biashara ya YouTube nayo hukatisha pabaya. Kiingereza chake ni cha kasi, na maandishi ya Kiswahili yanayojitafsiri yenyewe hayasaidii, hivyo Mwaloni mimi ndiye mkalimani. Kuhusu bando, shusha ubora wa picha hadi 240. Kwa mazungumzo inatosha kabisa.

Jambo jingine sitalipita. Oktoba 2009 alikiri mwenyewe kwenye kipindi kwamba alikuwa na mahusiano na wanawake waliofanya kazi chini yake, baada ya mtu kujaribu kumtoza fedha ili anyamaze. Nilikuwa nimeshapanga mizigo ya kurudi Mwanza. Iliniuma kama mwanamke niliyewahi kuwa chini ya mabosi. Kukiri hadharani hakukuondoa ukweli kwamba yeye ndiye aliyekuwa bosi. Nilikaa miezi bila kumtazama. Nilipomrudia nilimrudia nikijua ninayemtazama ni nani, na naona ni haki kumwambia hivyo mtu mpya anayetaka kuanza.

Sasa kuondoka kwake. Alitangaza Aprili 3, 2014 akiwa kwenye kipindi, akawapa watu zaidi ya mwaka wa kujiandaa. Huku kwetu ukanda wa ziwa tuna neno lake. Mwalimu Nyerere alipoachia urais mwaka 1985 alitumia neno la Kizanaki, kung'atuka, na Kiswahili kikalipokea kwa sababu hakikuwa na jingine la kubeba maana ile: kutoka mwenyewe, miguu ingali na nguvu, ili wengine waingie. Letterman aling'atuka. Alikuwa na miaka 68, amekaa usiku wa televisheni miaka 33, vipindi 6,028, hakuna aliyewahi kukaa hivyo.

Kipindi cha mwisho kilirushwa Mei 20, 2015. Kwetu ilikuwa tayari alfajiri ya Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu na ushei, na mimi nilikuwa hapahapa Mwaloni nahesabu magunia kwa tochi. Nilijua dakika ileile kule wanamwona akiingia jukwaani. Simu yangu ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kuonyesha chochote, na hata ingekuwa nao, kwetu hakikurushwa moja kwa moja. Nilivisubiri vipande viwekwe mtandaoni, nikavitazama jioni kwenye kompyuta ya jirani, mwalimu mstaafu, kile kiduara kikizunguka kila baada ya sekunde kumi.

Orodha ya mwisho ya mambo kumi ilisomwa na watu kumi mashuhuri, kila mmoja akimtania, na mmoja wao alikuwa Peyton Manning, ambaye tulimshangilia Indianapolis alipokuwa anachezea Colts, timu ya mpira wa Kimarekani ya pale. Nilipiga kelele mwalimu akashtuka. Kisha Dave akawashukuru wafanyakazi wake, wale wasioonekana. Akawashukuru mkewe Regina na mwanawe Harry waliokaa kati ya watazamaji. Hakulia. Kipindi kilipitiliza muda kwa zaidi ya robo saa na CBS wakakiacha. Akasema asante na usiku mwema. Ndipo Foo Fighters wakapiga ule wimbo wa mwaka 2000, na picha za miaka 33 zikapita kwa kasi. Mwalimu, ambaye hakumjua Dave kabla ya jioni ile, aliniletea kitambaa bila kuniuliza kitu.

Wenzangu wa zamu ya usiku tuna kundi la WhatsApp mpaka leo. Yule dada wa Ghana anashikilia kwamba Johnny Carson, mtangazaji wa usiku wa kizazi kilichomtangulia Dave, ndiye aliyeng'atuka vizuri zaidi, kwa sababu alipoondoka Mei 1992 karibu hakuonekana tena kwenye televisheni, wakati Dave alifuga ndevu nyeupe hadi kifuani na mwaka 2018 akarudi Netflix na mahojiano marefu, akianza na Obama. Sikubaliani naye. Mzee akiacha kazi ya kila siku hajakatazwa kupokea wageni nyumbani. Mahojiano yale ni mazuri, nimeyatazama, ingawa yana utulivu wa mchana na mimi nilimpenda mtu wa usiku. Tunachokubaliana sote kundini ni uchungu wa Julai 2025, CBS ilipotangaza kwamba kipindi chenyewe, alichokuwa amekirithi Stephen Colbert, kitafungwa Mei 2026. Kaka wa Haiti aliandika mstari mmoja tu: sasa wa zamu ya usiku watamtazama nani?

Naipa chaneli nyota tatu, na zile kanda za VHS nyota tano. Ukianza leo, anza na tangi la maji kama una watu pembeni yako. Kama uko peke yako na unafanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa, tafuta ule usiku wa Februari 2000.

Mimi niliutafuta juzi, baada ya ubishi wa dumu kwisha na vijana kujilaza juu ya maturubai. Niliwaonyesha walio macho, nikawatafsiria kila jina na kila kazi: huyu alipasua, huyu alikaa naye usiku. Yule kijana aliyeniita mayu aliuliza kama mimi nilikuwa wa kupasua au wa kukaa usiku. Nikamwambia wa kukaa usiku. Akaitikia kwa kichwa, akasogeza gunia lake karibu tuone vizuri. Mbele yetu taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetapakaa ziwani hadi upeo wa macho, na boti ya Goziba ilipiga honi saa kumi na moja kasoro.