Renice, kill na pkill: uzoefu wangu dukani Chake Chake

Dukani kwetu Chake Chake kompyuta ni moja, ya Linux. Hiyo hiyo inachapisha, inaskani, na inageuza video za harusi kwa programu ya ffmpeg. Ukiiachia ffmpeg itakavyo, inakamata prosesa yote, na mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho anasimama mpaka anakasirika.

Iliyoniokoa ni renice, amri ya kubadilisha kipaumbele cha programu inayoendelea. Naandika renice -n 19 -p, halafu namba ya mchakato (yaani programu inayoendelea), basi: video inasogea nyuma, kazi za wateja zinapita. Ngazi zinaanzia -20, kipaumbele cha juu kabisa, hadi 19. Kero yangu ni moja: ukiwa mtumiaji wa kawaida unaruhusiwa kushusha kipaumbele tu, kukirudisha sharti sudo, yaani ruhusa ya msimamizi. Kwenye mashine ya watu wengi sawa, lakini hii yangu mwenyewe!

Skuli zikifunguliwa na foleni ikafika mlangoni, natumia kill -STOP; kill hutuma ishara kwa programu, si kuua tu. Video inaganda pale pale. Jioni napiga kill -CONT, inaendelea ilipoishia. Ila STOP inaachia prosesa, haiachii RAM. Kama kilichojaa ni RAM, hujafanya kitu.

Sasa hiyo kill -9 wanayoikimbilia vijana. Kill tupu inatuma ishara ya 15, yaani inaomba: programu inapata nafasi ya kufunga mafaili yake. Ya 9 haiombi, inaua papo hapo. Kijana wetu aliipiga ffmpeg ikikaribia kumaliza harusi ya Wete. Faili la MP4 likabaki, zito kweli kweli, na halifunguki, maana faharasa yake huandikwa mwishoni. Tukaanza upya, na mama wa bibi harusi keshapiga simu mara mbili. Angetumia 15, ffmpeg ingefunga faili vizuri na kipande kilichokwisha kingechezeka. Na hiyo 9 yenyewe haiwezi kila kitu: flashi mbovu ikigoma katikati ya kunakili, mchakato unaingia hali ya D, yaani unasubiri kifaa na hausikii ishara, utapiga 9 mpaka uchoke.

Pkill naipa alama nzuri, maana inaua kwa jina, hutafuti namba. Lakini pkill -f inapekua mstari mzima wa amri. Ukiandika “harusi” inaondoka na kila kilichotaja harusi, hata programu uliyofungulia faili la harusi kuhariri. Mimi napiga pgrep -af kwanza, inayoorodhesha bila kuua, naisoma orodha, ndipo naua.